Diski ikikataa kucheza kwenye tarakilishi, usikimbilie kuitupa

DESEMBA 2023 tulikutana nyumbani Wundanyi, ndugu na jamaa, kama ilivyo ada yetu kila mwaka unapoelekea ukingoni. Usiku mmoja baada ya chajio, mpwa wangu aliyezaliwa 2007 alisema jambo lililoninyamazisha: “Mjomba, mimi siikumbuki sauti ya nyanya.” Mama alifariki 2009. Kijana alikuwa na umri wa miaka miwili tu.

Sauti hiyo ipo. Imo katika DVD iliyorekodiwa kanisani 2006, siku ya ibada ya shukrani mama alipotimiza miaka 70. Dadangu akaitoa kabatini ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na diski nyingine mbili: VCD ya harusi yake ya 2003, na kijidiski cha kamera kilichorekodiwa 2008 mama akiwa uani akipepeta maharagwe. Tarakilishi ya mpwa wangu haina mahali pa kutilia diski, kwa hivyo tuliazima kisomaji cha nje kwa jirani, tukakichomeka, na diski zote tatu zikakataa. Ya kwanza ilizunguka vizuri lakini picha haikutokea. Ya pili ilifunguka, kisha tarakilishi ikauliza faili zake zisomwe kwa programu gani. Kuhusu ya tatu, tarakilishi ilishikilia kwamba ni tupu, haina kitu.

Kesho yake fundi mmoja mjini alizitazama kwa muda wa dakika moja hivi, akatangaza kwamba kisomaji kimekufa na diski zimekufa pia. Alikuwa tayari kutuuzia kisomaji kipya.

Hakuna kilichokuwa kimekufa. Diski tatu zilikuwa na maradhi matatu tofauti, na hakuna hata moja kati ya maradhi hayo lililohitaji kununua kitu. Nimeona ni vyema kueleza tuliyoyafanya, kwa maana ninajua nyumba nyingi ambamo harusi, ubatizo na mazishi ya miaka ya 2000 yamelala katika bahasha kama ile, yakisubiri siku ambayo mtu ataamua kwamba hayafai tena na kuyatupa pamoja na takataka.

Ili diski icheze kwenye tarakilishi (neno hili nimelitetea katika chumba cha habari kwa miaka mingi dhidi ya wenzangu wanaoshikilia ‘kompyuta’), mambo matatu sharti yaafikiane. Kuna diski yenyewe, kuna kisomaji ambacho huizungusha na kuimulika kwa leza, na kuna programu inayofasiri kilichosomwa na kukigeuza picha na sauti. Lolote kati ya hayo likiugua, mtumiaji huona tokeo lile lile: kioo kitupu. Ndiyo sababu watu hununua kisomaji kipya ilhali ni programu iliyokosekana, au huosha diski mara kumi ilhali ni waya uliolegea.

Anza kwa kusikiliza. Kisomaji chenye afya kikipokea diski huizungusha kwa mvumo unaopanda polepole, taa yake ikapepesa, kisha kikatulia. Diski isipozunguka kabisa, shuku umeme au jinsi ilivyowekwa. Katika visomaji vyembamba vya tarakilishi za mkononi, diski haiwekwi tu juu ya trei. Ni lazima uibonyeze katikati, karibu na tundu, mpaka usikie inanasa. Nimewahi kumwona mtu mzima mwenye shahada mbili akilaani tarakilishi yake kwa sababu hiyo, na sitamtaja kwa kuwa alikuwa mimi.

Diski ikizunguka, ikasimama, ikazunguka tena na kusimama huku ukisikia mkwaruzo au mgongano mdogo, basi leza inatafuta mwanzo wa maandishi na haiupati. Hapo mshukiwa ni uchafu, mikwaruzo, au aina ya diski ambayo kisomaji hakiijui. Lakini diski ikizunguka vyema na jina lake likajitokeza kwenye orodha ya tarakilishi, jua kwamba kisomaji kimefanya kazi yake. Acha kukitafutia makosa, geukia programu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa DVD ya mama. Tulipobonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi E, tuliiona diski, na ndani yake folda iitwayo VIDEO_TS iliyojaa faili zinazoishia na herufi VOB. Hiyo ndiyo sura ya kila DVD ya video. Diski ilikuwa inasomeka, ila Windows haikuwa na cha kuifasiri.

Jambo hili huwashangaza wengi, hasa waliozoea tarakilishi za zamani. Windows 7, iliyotoka 2009, ilikuwa na uwezo wa kuchezesha DVD katika matoleo yake mengi. Windows 8 ilipotoka 2012, Microsoft iliuondoa uwezo huo, kwa hoja kwamba kila tarakilishi hulipiwa ada kwa wamiliki wa teknolojia hiyo ilhali tarakilishi mpya nyingi hazina hata kisomaji. Windows 10 ya 2015 na Windows 11 ya 2021 zilifuata mkondo huo huo. Basi mtu aliyebadilisha Windows akaona DVD zake zimeacha kucheza ghafla hana kisomaji kibovu. Ameondolewa mkalimani.

Mkalimani wa bure yupo, anaitwa VLC. Programu hii ilichipuka kutokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, ulioanza 1996, na tangu 2001 imekuwa ikitolewa chini ya leseni huria, bila malipo. Ipakue kutoka kwa tovuti ya wenyewe, VideoLAN, si kwengineko, kwa sababu kuna wajanja wanaoifunga pamoja na programu za udukuzi. Ukishaiweka, ifungue, bonyeza Ctrl pamoja na D, chagua DVD na uanze. VLC haihitaji msaada wa Windows kufasiri picha. Imebeba vifaa vyake vyote.

VCD ya harusi nayo ilitibiwa na programu hiyo hiyo. VCD ilivumbuliwa 1993, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotawala hapa nchini kwa kuwa diski zake, ambazo ni CD za kawaida, zilikuwa rahisi kuliko DVD. Video zake hukaa katika folda iitwayo MPEGAV, na faili zake huishia na herufi DAT. Ni herufi hizo zinazoichanganya Windows, kwa maana programu nyingine nyingi zisizohusiana na video hutumia DAT. Buruta faili hiyo hadi ndani ya VLC na itacheza. Picha yake itaonekana yenye ukungu kwenye vioo vya leo, lakini huo si ugonjwa. VCD ina nukta 352 kwa 288 pekee.

Ukiwa na programu ifaayo na bado hupati kitu, sasa ndipo pa kuitazama diski kwa macho. Hapa inafaa kujua jinsi ilivyoundwa. Maandishi ya diski yamepangwa katika mstari mmoja mrefu unaojizungusha kama koili, ukianzia karibu na tundu la katikati na kuishia ukingoni. Fahirisi ya yaliyomo iko mwanzoni, yaani karibu na katikati. Kwa hivyo mkwaruzo karibu na tundu unaweza kuzuia diski nzima isifunguke, ilhali mkwaruzo wa ukingoni utakwamisha tu sehemu ya mwisho, iwapo diski ilijaa kiasi cha kufika huko.

Mikwaruzo nayo haifanani. Diski huandikwa pamoja na taarifa za ziada ambazo kisomaji hutumia kukokotoa upya kile kilichopotea. Kwenye CD ya muziki, hata pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari huo huweza kuzibwa kikamilifu. Mkwaruzo unaokata kutoka katikati kuelekea nje hula kipande kidogo tu katika kila mzunguko, na kisomaji hukiziba. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski hula maandishi mengi yaliyofuatana, na hapo hakuna hesabu itakayosaidia. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba diski ifutwe kutoka katikati kuelekea ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha kitambaa, kwani chembe moja ya mchanga ikinaswa kwenye kitambaa itachora mkwaruzo ule mbaya.

Tumia maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha ukaushe kwa kitambaa laini cha pamba kisichoacha nyuzi. Usitumie petroli, thina wala dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hizo huitia plastiki ukungu usiotoka. Dawa ya meno, ambayo kila mtaa una bingwa wake, hufanya kazi kwa mikwaruzo myepesi kwa sababu ina chembechembe za kusugulia zinazolainisha uso wa plastiki. Ninaiweka katika kundi la mambo ya kujaribiwa mwisho kabisa, na kwa diski ambayo hutaililia.

Watu hujali upande wa chini unaong’aa na kuutupa juu juu ule wenye maandishi ya jina. Katika CD, hilo ni kosa kubwa. Unene wa diski ni milimita 1.2, lakini maandishi yenyewe yako juu kabisa, chini ya utando mwembamba wa rangi. Kalamu ya wino yenye ncha ngumu ikiandika “Harusi” juu yake inaweza kuifuta harusi yenyewe. Iinue CD mbele ya taa: ukiona vitundu vya mwanga vikipenya, sehemu hizo zimekwenda na hazitarudi. DVD ina afadhali, kwa kuwa ni vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa na maandishi yamo katikati. Yake ni kuchungulia ukingo kuona kama gundi imeanza kuachia.

Sasa nije kwa kile kijidiski cha kamera, ambacho ndicho kilichonifunza zaidi. Ni DVD ya upana wa sentimita 8 badala ya 12, aina iliyotumiwa na kamera nyingi za video katika miaka ya 2000. Onyo kwanza: usiitie diski ndogo ya namna hii katika kisomaji kisicho na trei, kile kinachomeza diski kupitia mwanya. Huenda isitoke tena bila bisibisi.

Tarakilishi ilidai ni tupu. Lakini tulipoigeuza na kuitazama kwa kuinamisha upande mmoja, tuliona upande wa chini una rangi mbili: duara iliyokoza kuanzia katikati, kisha utepe mwangavu zaidi ukingoni. Diski ya kurekodia hubadilika rangi pale leza ilipoandika. Palipobadilika pana maandishi, liwe liwalo. Diski tupu kwa kweli huwa na rangi moja.

Basi kulikuwa na nini? Kamera hizo huandika video kwanza, kisha mtumiaji anapaswa kuiamuru kamera kuifunga diski, yaani kuandika fahirisi itakayowawezesha wengine kuisoma. Aliyerekodi siku ile aliitoa diski bila kuifunga. Kwa kamera yenyewe hilo si neno, kwa kuwa inajua ilipoachia. Kwa tarakilishi, kitabu kisicho na fahirisi ni kitabu kisicho na kurasa. Tiba bora ni kuirudisha diski kwenye kamera ile ile na kuifunga. Kamera yetu iliibwa zamani, kwa hivyo mpwa wangu alitumia programu ya IsoBuster, ambayo huchunguza diski bila kuitegemea fahirisi, akaokota vipande vya video kimoja kimoja. Kuna uwezo wake fulani ambao hulipiwa. Ujaribu kwanza uone inachokipata kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu kisomaji sitasema mengi, maana hukosea mara chache kuliko kinavyolaumiwa. Cha nje hupata umeme kupitia waya wa USB, na tundu la USB la aina ya pili hutoa miliampea 500 pekee, kiasi ambacho huenda kisitoshe diski inapoanza kuzunguka. Kichomeke moja kwa moja kwenye tarakilishi, si kupitia kigawanyio, na kama waya wake una vichwa viwili, vitumie vyote. Kisomaji kisipoonekana kabisa katika orodha ya Windows, kifute katika orodha ya vifaa na uiwashe tarakilishi upya. Windows itakisajili tena yenyewe.

Jaribio moja, hata hivyo, linafaa kukaririwa. CD husomwa kwa leza ya urefu wa mawimbi wa nanomita 780, na DVD kwa leza ya nanomita 650. Ni leza mbili tofauti ndani ya sanduku moja, na moja inaweza kuchoka huku nyingine ikiwa na nguvu. Ikiwa CD zako zote zinacheza na DVD zote zinakataa, au kinyume chake, hapo fundi akikuambia kisomaji kimekwisha mwamini. Blu-ray hutumia leza ya tatu, ya nanomita 405, na kisomaji cha DVD hakitaisoma hata ukisali.

Kabla ya kumwamini, safisha lenzi. Kwenye kisomaji chembamba huonekana trei ikiwa wazi, kijicho kidogo kama punje ya mtama. Kizime kisomaji, chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti safi ya isopropili, uipanguse bila kuikandamiza. Usiipulize kwa mdomo; utaongeza mate juu ya vumbi. Na ikiwa tarakilishi imelala garini usiku wa baridi kisha ikaletwa jikoni penye mvuke, isubiri saa moja, kwa maana lenzi hujaa umande kama miwani.

Kuna kukataa kwingine ambako si ugonjwa hata kidogo. Filamu zilizochapishwa viwandani hutiwa alama ya eneo zinakoruhusiwa kuchezwa. Marekani ni eneo la kwanza, Uingereza la pili, nasi Kenya tumo katika eneo la tano. Jamaa akikuletea filamu kutoka London, tarakilishi inaweza kukuomba ubadilishe eneo. Usikubali kwa pupa. Kisomaji huruhusu mabadiliko matano tu, na la tano likishafanywa hubaki hivyo daima.

Turudi kwa DVD ya mama, kwani programu haikumaliza kazi. Ilicheza dakika arobaini, ikaanza kukwamakwama, kisha picha ikaganda. Kukwama kunaweza kutokana na diski au na tarakilishi iliyolemewa, na njia ya kutofautisha ni rahisi: nakili faili kwenye diski kuu ya tarakilishi na uichezeshe kutoka huko. Ikicheza vyema, tarakilishi haina hatia. Kwetu, kunakili kwenyewe kulikatika katikati. Tuliiosha diski, tukaona mikwaruzo miwili ya mviringo, aina ile mbaya.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuichezesha diski tena na tena wakitumaini kwamba itajirekebisha. Kila jaribio ni fursa nyingine ya kuongeza mkwaruzo. Mpwa wangu aliiwasha tarakilishi kwa mfumo wa Linux kutoka kwa flashi, akatumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Tofauti yake na kunakili kwa kawaida ni kwamba haikati tamaa inapofika palipoharibika. Huparuka mbele, ikakusanya kwanza kila kinachosomeka bila taabu, kisha hurudi kwenye sehemu mbovu na kuzijaribu mara kwa mara, kipande kwa kipande, huku ikiweka kumbukumbu ya ilikofika. Unaweza kuikatiza na kuendelea baadaye, hata kwa kisomaji kingine, maana visomaji hutofautiana na huenda kimoja kikaona kisichoonwa na mwenzake.

Tuliiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imepata karibu diski yote; kilichopotea kilikuwa chini ya dakika mbili, wakati wa kukata keki. Nakala tuliyopata ilikuwa faili moja ambayo VLC huifungua kana kwamba ni diski yenyewe. Tulifanya vivyo hivyo kwa zile nyingine mbili, siku hiyo hiyo, kabla ya yeyote kuketi kutazama. Nakala moja imo katika tarakilishi ya mpwa wangu, nyingine katika diski ya nje ambayo dadangu anaiweka Mombasa, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni. Diski zenyewe zimetolewa katika bahasha na kutiwa katika vifuko vigumu, zikasimamishwa wima mbali na dirisha, kwa kuwa rangi inayobeba maandishi ya diski za kurekodia huharibiwa na jua na joto.

Hayo ninayasema kuhusu rekodi za kwetu wenyewe. Filamu na nyimbo za watu wengine zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawalinda.

Jioni tuliketi sebuleni. Dakika ya hamsini na tatu ya ibada ile, mama anasimama kushukuru. Anaanza kwa Kiswahili, kisha anapowataja wajukuu anahamia Kidawida na haongei tena lugha nyingine hadi aketi. Mpwa wangu, aliyelelewa Nairobi, alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akamgeukia mamake na kumwomba amfasirie.